Tasbihi tumboni mwa malkia

Mkwezi wa baba mkwe hapandi mnazi kabla hajajipaka majivu mikononi na miguuni. Majimoto, wale sisimizi wanaojenga viota vya majani mitini, hawana mzaha. Mimi likizo hii niliwafuata mwenyewe, huko Mkuranga, na ngazi, mkasi na kichupa kitupu cha dawa ya kikohozi. Nilipasua viota tisa, nikaumwa mpaka kwenye kope, ndipo nikampata malkia. Viota vyote hivyo, na kwa kawaida mama yao ni huyo mmoja.

Usiku nikamfungua kwenye kisahani cha maji ya chumvi, chini ya hadubini ya shule. Tumbo karibu lote ni ovari. Mirija myembamba imelala sambamba, kila mmoja ni tasbihi: juu punje hazionekani vizuri, kadiri unavyoshuka zinanenepa, mpaka ya mwisho ni yai kamili, jeupe. Kila punje ina seli moja itakayokuwa yai, na kando yake seli walezi. Ni ndugu hao, wametokana na seli moja iliyogawanyika, na bado wameunganishwa kwa vitundu. Walezi humimina walichonacho ndani ya mwenzao, kisha hunyauka wakafa. Kiini chenye lishe hakitoki kwao. Hutengenezwa kwenye mafuta ya mwili wa malkia, kikaletwa na damu, yai likakifyonza. Chini kuna kifuko cha mbegu za kiume alizopokea ujanani, siku ya kuruka. Yai likipata mbegu, jike. Likikosa, dume.

Kisha, udadisi tu, nikafungua mfanyakazi. Nilitegemea patupu. Kumbe naye ana ovari! Mirija michache, lakini yai limo. Malkia akiwepo, harufu yake huwafanya wafanyakazi watage mayai laini yasiyoanguliwa. Ni chakula, na malkia mwenyewe hulishwa hayo. Akitoweka, huanza kutaga yanayoanguliwa. Ila hawajawahi kupandwa, kwa hiyo hutoka madume matupu.

Hapo nikaweka sindano chini. Majimoto ndio wanaomfukuza kunguni wa minazi, yule anayefyonza vidaka mpaka vinapukutika. Na mimi nimewaulia mama.

Asubuhi baba mkwe akaniuliza, "Mwalimu, ulichotafuta umepata?"

Nikamweleza yote. Akanyamaza, akatazama juu minazini.

"Kwa jirani wapo wengine," akasema. "Lakini huyo wao usimpasue."