Siku moja ya mama wa bustani

Kila nikisema nafanya kazi ya bustani, watu hunitazama mikono kwanza, halafu huuliza, "Yaani unamwagilia maua?" Naam, namwagilia. Na fundi cherehani anatia uzi kwenye sindano. Hii ni siku yangu ya jana, mpime wenyewe.

Saa 11:00 alfajiri. Nimeamka, nimejiandaa, nimetoka. Kibarazani namkuta baba mkwe ameshainamia mirehani yake ya kwenye makopo. Macho yamemchoka, kwa hiyo anapapasa kwa vidole, akifika kwenye kichwa cha maua anakinyofoa. Mrehani ukiachwa uzae mbegu huona umemaliza kazi, majani yanapungua na mti unaanza kuzeeka. Mzee haachi hata kishada kimoja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Chukua kofia, jua la leo nalisikia harufu."

Saa 12:30 asubuhi. Bustani ya kwanza. Maji hutiwa mapema ili yazame kabla jua halijayanyakua, na majani yapate muda wa kukauka, maana jani linalolala na maji huamka na ukungu. Nimemwagilia, nimepalilia, nimefagia. Jambo moja tu la kusimulia: nilipoinua matandazo chini ya mawaridi, nyungunyungu mnene kama kalamu alikuwa anajivuta kurudi shimoni, kama mtu aliyefumaniwa. Kumkuta karibu na juu namna ile, katikati ya kiangazi, maana yake udongo wangu bado una unyevu. Hakuna mteja atakayenilipa kwa ajili ya nyungunyungu, lakini mimi nilisimama nikamtazama mpaka mkia ukapotea.

Saa 3:00 asubuhi. Mzee wa ukuta. Hapa tukae kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe nilikaa.

Miaka mitatu iliyopita nilimpandia mzee huyu bogenvilia saba kando ya ukuta. Zote nilizikata kwenye shina moja, siku moja, nikaziotesha kitalu kimoja. Jana nimefika tu, sijashusha hata reki, ananiita.

"Mama, hizi bogenvilia zako zimenitia aibu. Majani matupu! Wageni wanakuja Jumamosi."

Kweli, sita zilikuwa kijani kitupu, nene, zimenawiri kama msitu. Nikachomeka kidole kwenye udongo. Kikatoka na tope. Tope, kiangazi hiki!

"Mzee, nani anazimwagilia?"

"Mimi mwenyewe, kila jioni. Na mbolea ya chumvichumvi naweka. Siwezi kuziacha zife kwa sababu wewe unakuja mara moja kwa wiki."

Nikavuta pumzi. Nikamweleza, kwa mara ya nne mwaka huu, kwamba bogenvilia ikishiba maji na naitrojeni ya mbolea hupeleka nguvu zote kwenye majani. Iache ione kiu, majani yaanze kulegea kidogo, ndipo itakapokumbuka kutoa maua. Akanitazama kama mtu anayesikia kisingizio cha mvivu.

Nikamshika mkono, kwa heshima zote, nikampeleka mwisho wa ukuta kwenye ile ya saba. Hiyo mpira wa maji hauifikii. Ilikuwa imewaka, zambarau kutoka chini hadi juu ya ukuta, huoni jani. Nikanyamaza, nikamwacha aone mwenyewe.

Akaitazama sana. Akatikisa kichwa. "Unaona? Hii ndiyo mbegu nzuri. Ungeniletea saba za namna hii."

Kijana wangu wa kazi alilazimika kwenda kujificha nyuma ya toroli.

Nikachuma kishada kimoja nikakiweka kiganjani pake. "Mzee, hii rangi unayoipenda si ua. Haya ni majani yaliyojivika rangi. Ua ni hiki." Katikati ya vijani vitatu vya zambarau kulikuwa na kijineli cheupe, chembamba kuliko njiti ya kiberiti, kimefunguka ncha tu. Akavaa miwani. Akavua. Akavaa tena. Nadhani kwa mara ya kwanza siku ile alisahau wageni wa Jumamosi.

Kisha akauliza bosi wangu yuko wapi, aongee naye. Bosi ni mimi, nikamwambia. Nimeshamwambia hilo pia.

Kuna kisa huwa kinanijia wakati kama huo. Mmea huu asili yake ni Amerika Kusini, na jina umepewa la nahodha Mfaransa, Bougainville, aliyeongoza safari ya kuizunguka dunia kati ya 1766 na 1769. Mtaalamu wake wa mimea, Commerson, aliukusanya Brazil akiwa na msaidizi wake aliyebeba mizigo, akapanda milima na kuchuma mimea. Msaidizi huyo alikuwa mwanamke, Jeanne Baret, amevaa kiume kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa melini. Jina la nahodha liko kwenye mmea. Basi mimi nikipogoa bogenvilia humkumbuka yule dada na mizigo yake.

Tulitoka pale karibu saa sita, saa moja na nusu nje ya ratiba.

Mchana. Kugeuza mboji. Tukilifungua tuta la mboji katikati linatoa mvuke. Ndani humo joto laweza kufika nyuzi 60, na juu ya kichwa kuna jua alilolinusa baba mkwe. Sepeto, toroli, sepeto, toroli. Sikutazama saa. Sijui ilikuwa saa nane au tisa kijana aliponiambia, "Mama, kaa kivulini, midomo imekupauka." Nikakaa. Mgongo ulikataa kunyooka, nikauacha.

Watu husema mnafaidi, mnashinda kwenye maua. Maua ni wiki chache. Mvua zikianza tunashindana na magugu, ukipalilia mwanzo wa bustani mwisho umeshaota. Kipupwe kikiingia tunapogoa, na mteja analia kwamba nimemuulia mti. Kiangazi ni kazi ya kungoja, na hiyo ndiyo ngumu kuliko zote kumuuzia mtu. Ila nikiona mwaridi niliokata mpaka ukabaki kisiki unatoa jicho jekundu dogo kama kichwa cha kiberiti, hapo usinisemeshe, acha nitazame.

Jioni, sijui saa ngapi, nimefika nyumbani nimetia miguu kwenye beseni. Mwanangu wa darasa la tatu ana daftari, na kila siku lazima nimletee kitu kimoja cha kuandika. Jana nilitoa kile kishada mfukoni, kimekunjamana. Akahesabu vijani, vitatu. Akahesabu vijineli, vitatu pia, kila kimoja kwenye kijani chake. Sikuwahi kuvihesabu, miaka yote hii. Babu yake akaomba apewe apapase. "Karatasi," akasema mzee, "lakini hapa katikati kuna kitu hai."

Saa 3:00 usiku simu ikalia. Mzee wa ukuta.

"Mama, samahani kwa usiku. Nimeshika mpira hapa. Kwa hiyo nisimwagilie?"

"Usimwagilie, mzee."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akanyamaza. Nikasikia maji yanachuruzika.