Simba wa Tsavo wamenisaidia kuchagua

Binti yangu yuko darasa la saba hapa Chicago, na kiangazi shule hufungwa zaidi ya miezi miwili. Nilikaribia kumlipia masomo ya kompyuta, maana ndiyo wazazi wenzangu wanayasifu. Jumamosi moja tukaenda Field Museum, jumba la makumbusho la hapa mjini. Akasimama mbele ya wale simba wawili wa Tsavo, Kenya, waliokula watu wakauawa 1898 reli ya Uganda ikijengwa, akaniuliza maswali mpaka nikaishiwa majibu. Mama, mbona ni madume na hawana manyoya shingoni? Pale pale nikajua. Nikamwandikisha programu ya wanyama na mazingira, nusu siku, na watoto wanatoka nje kila siku. Jana kanionyesha daftari limejaa michoro ya ndege. Alhamdulillahi, nimefurahi mno!