Siku yangu moja maabara: mi ni mpiga doti

Mtaani kwetu wanajua mi daktari. Kuna jirani aliniletea mtoto ana homa saa mbili usiku nimpime malaria, nikamwambia mama Zai mi napima mizizi na vidonge, akaondoka kanuna mpaka leo. Na hata hapa chuoni wale wa mashine kubwa zenye kompyuta wanatuita wapiga doti, kwa sababu muda mwingi tunafanya TLC, ile kromatografia ya tabaka nyembamba. Unachukua kipande cha karatasi ya alumini iliyopakwa unga wa silika, unagusisha kidoti cha sampuli kwa chini, unakisimamisha kwenye kopo lenye kimiminika kidogo, kile kimiminika kinapanda chenyewe kama mafuta ya taa kwenye utambi, na vitu vilivyomo kwenye sampuli vinaachana njiani. Kinachong'ang'ania silika kinabaki chini, kisichoshika sana kinapanda juu. Basi, ndo hiyo. Sasa nawasimulia jana ilivyokuwa.

Saa 11 alfajiri nimeamka, chai ya rangi na kiporo cha wali, daladala mbili, ya pili nimesimama mpaka mwisho.

Saa 2 kasoro nimeshavaa koti. Kitu cha kwanza ni kuwasha oveni nyuzi 110 na kuziweka pleti, ndo hizo karatasi zenye silika, nusu saa, maana Dar hii silika inanyonya unyevu wa hewani kama chumvi isiyofunikwa, na pleti yenye unyevu doti zinakimbilia juu kuliko kawaida, afu mwanafunzi anakuja mbio kagundua kitu kipya kumbe kagundua masika. Afu nakata, shiti ya sentimita 20 kwa 20 natoa vipande vidogo, nachora mstari sentimita moja kutoka chini kwa penseli. Penseli tu. Wino wa kalamu nao ni rangi zilizochanganywa, ukichora nao utapanda pamoja na sampuli na utaandika ripoti ya kalamu yako.

Saa 4 akaingia mzee. Suti, begi, simu mbili. Shikamoo, marahaba binti. Anauza dawa ya asili ya mgongo na viungo, unga wa kahawia kwenye kichupa, aliuacha wiki iliyopita na leo amefuata majibu, anataka karatasi iandikwe kwamba dawa yake haina kemikali.

Nikamwambia mzee, majibu leo jioni, na hayo maneno siwezi kuandika, hata maji ni kemikali. Akaniangalia kama nimemtukana. "Binti, usinichezee, mimi nimelipia." Akavuta stuli akakaa. Katikati ya maabara! Nikamtoa kwenye koridoo, baada ya dakika tano karudi, nikamtoa, karudi, mwisho nikampa miwani ya kujikinga nikamwambia kaa pale na usiguse chochote.

Dawa za maumivu za namna hii tunachoangalia zaidi ni kama kuna mtu kachanganyia vidonge vya hospitali, maana inatokea sana, unga unamponya mgonjwa siku hiyohiyo afu unakuta ndani kuna dawa ya kawaida kabisa ya duka la dawa, ila mnywaji hajui kala kiasi gani. Kwa hiyo kwenye pleti moja napiga doti ya unga wake uliolowekwa kwenye methanoli, pembeni paracetamol safi, pembeni diclofenac, pembeni dexamethasone, na mstari wa mwisho unga wake na paracetamol juu ya doti moja. Kopo lina ethili asetati na methanoli kidogo, ndani nimeweka karatasi ya chujio ili mvuke ujae, kifuniko juu. Hapo unasubiri bila kugusa.

Mzee alisubiri kama dakika nane. Nimegeuka kuosha vifaa nasikia kifuniko kinalia. Kafungua! Anachungulia! "Mbona hamna kitu humu, ni maji yanapanda tu." Mvuke ukatoka, kimiminika kikaanza kupanda upande upande, pleti imeharibika. Jamani. Nilihesabu mpaka kumi kwa Kiswahili afu kwa Kizaramo. Nikatupa, nikaanza upya, kukausha doti, kujaza mvuke, kusubiri, na yeye muda wote ananiuliza mbona hutumii mashine, nimelipia mashine, wewe unaniletea kikaratasi na penseli kama chekechea.

Pleti ya pili ikapanda vizuri. Nikaweka alama pale kimiminika kilipoishia (hii usipoifanya hapohapo kinakauka na hujui kilifika wapi), nikakausha, nikaweka chini ya taa ya UV, mwanga usioonekana kwa macho, ya nanomita 254. Pleti inawaka kijani, na pale penye kitu kinachonyonya ule mwanga panakuwa doti nyeusi. Unga wake ulikuwa na doti nyingi hafifu kama mmea wowote, na moja nyeusi tii, imekaa sambamba na paracetamol. Na kwenye ule mstari wa mchanganyiko haikugawanyika, ilibaki moja. Nikapima, doti imepanda sentimita 4.8, kimiminika 8, gawanya, 0.6.

"Sifuri nukta sita ndo nini? Sitini kwa mia ni kemikali?"

Hapana mzee. Ni uwiano wa umbali tu. Nikamweleza mara tatu. Nikamwambia pia kwamba kukaa sambamba sio ushahidi kamili, vitu viwili tofauti vinaweza kufika sehemu moja, ndo maana mi naandika inashukiwa na sampuli inaenda kwenye HPLC, moja ya zile mashine kubwa, kuthibitishwa na kupimwa kiasi. Akasema nimemuwekea. Akasema kuna mshindani wake kanituma. Akasema huo mmea una paracetamol yake ya asili. Alipoona siongei akanyamaza muda mrefu, afu kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, huu unga mimi nanunua tayari umeshasagwa."

Hapo hasira ikaniisha nusu. Nusu tu, maana ilikuwa saa 9 na sijala.

Mkuu wa maabara akamchukua ofisini. Mi nikala chapati moja nimesimama koridoni, afu nikakuta binti mmoja mwanafunzi wa masta ananisubiri na reki ya tyubu. 96. Anatafuta artemisinin kwenye majani ya pakanga, ile dawa ya malaria iliyompa Tu Youyou wa China Nobeli mwaka 2015, amepitisha dondoo la majani kwenye koliamu (bomba la kutenganishia vitu) siku mbili na sasa lazima ajue kilichotoka kiko tyubu namba ngapi. Hapo mashine kubwa haikusaidii, nani atakuchomea tyubu 96 moja moja. Ni doti. Tukapiga kila tyubu ya tatu, doti nane kwa pleti, kapilari (kijibomba chembamba cha kioo) kugusa kuinua kugusa kuinua, mgongo unawaka (nikaikumbuka dawa ya mzee), harufu ya heksani kichwani, na katikati umeme ukakatika, kabati la kuvutia hewa likazima ikabidi tutoke nje tukae kwenye ngazi, sijui ilikuwa nusu saa sijui saa nzima.

Umeme uliporudi akaziweka pleti kwenye UV, zote kijani tupu. Machozi yakaanza. Anasema dada hamna kitu, namwaga. Nikamshika mkono kabisa. Artemisinin hainyonyi mwanga wa UV, utaitazama mpaka asubuhi hutaiona, lazima unyunyize anisaldehaidi yenye asidi ya salfuriki afu upashe moto. Nikanyunyiza, oveni nyuzi 105, dakika chache, tukafungua. Tyubu ya 40 hadi 58, doti za waridi zimejipanga mstari mmoja na standadi (artemisinin safi ya kulinganishia), ya 61 tayari ina uchafu mwingine wa zambarau chini yake. Akapiga kelele mlinzi akaja. Tukarudi kupiga 59 na 60 peke yake ili tujue pa kukata, 59 safi, 60 hapana.

Kuosha vyombo nani aliosha sikumbuki, nadhani mimi.

Kwenye daladala nilipata siti. Anisaldehaidi inanukia tamu kama binzari tamu na haitoki kwenye nguo, mama aliyekaa pembeni yangu akanusa nusa, akaniangalia vidole vyenye madoa, akaniuliza mandazi yamebaki mangapi. Nikamwambia yameisha mama, kesho.