Jinsi nilivyomchezesha sindimba mtu wa kioo

Mteja wangu wa Shangani, hapa Mtwara mjini, alitaka dirisha la vioo vya rangi lenye mcheza sindimba, ngoma ya Wamakonde, na sharti lake lilikuwa moja tu: asionekane amesimama.

Sharti hilo lina ugumu wake. Kisu cha vioo hakikati, bali hukwaruza. Ukishakwaruza unakibonyeza kioo, nao ufa hupendelea kwenda moja kwa moja. Mkunjo unaoingia ndani, kama wa kwapa, wa kiuno au wa nyuma ya goti, ukitaka kuukata kwa mkupuo mmoja unapasua kipande kizima, na mwili unaocheza umejaa mikunjo ya namna hiyo. Ndiyo maana kazi nyingi humzungushia mtu pande zote ukanda mnene wa risasi, yaani madini laini yanayoshikanisha vipande vya kioo, akabaki kama picha ya kitambulisho.

Nilitazama picha za kazi ya mchoraji Mmarekani Kehinde Wiley iitwayo Go, iliyo kwenye dari ya kituo cha treni cha Moynihan Train Hall, New York, tangu 2021, ambamo vijana wanacheza densi angani. Nyuso na mavazi yao yamechorwa kwa mkono juu ya kioo. Mimi sina tanuru la kuchomea rangi, kwa hiyo mwendo ilibidi uonekane katika mistari yenyewe. Hapo wachongaji wetu wa Kimakonde walinifaa zaidi: katika kinyago cha ujamaa, mkono wa mmoja huishia kuwa mgongo wa mwingine, na jicho halipati pa kutua.

Nilibandika karatasi kubwa ukutani, nikamwomba dada mmoja wa kikundi cha ngoma acheze polepole mbele ya taa, nami nikawa nafuatisha kivuli chake kwa mkaa. Nilipoanza na miguu alinikatiza: “Kaka, utachoka bure. Anza na kiuno, miguu inafuata.” Alikuwa sahihi. Kila mstari niliuanzishia kiunoni au kwenye kiungo kingine, nikaupitisha nje ya mwili hadi ukingoni mwa dirisha, hivyo hata bluu ya nyuma yake ikakatika kwa kufuata mzunguko uleule. Mkunjo wa kiuno, ambao kioo kimoja kisingeukubali, ukagawanyika vipande vitatu, na viungio vyake ndivyo vinavyoonyesha nyonga inakoelekea.

Mwili niliutengeneza kwa mabaki ya kioo cha kahawia, kile cha madirisha ya alumini. Vidole na njuga nilivizungushia utepe wa shaba, kwa kuwa ni mwembamba, na mistari mirefu nikaitilia risasi. Lehemu niliyotumia ina bati asilimia 60 na risasi asilimia 40. Huyeyuka kwenye nyuzi 190 hivi na kuganda mara moja. Milango iwe wazi wakati wa kuchomelea, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika chakula.

Mistari inayovuka dirisha zima ina hatari yake, kwani upepo wa bahari ukisukuma, dirisha hujikunja hapo kama bawaba. Kwa hiyo nilipinda nondo nyembamba kufuata mguu wa mchezaji, nikaifunga kwa nyuma kwa nyaya za shaba zilizochomelewa kwenye viungio, na ukiwa ndani huioni.