Klasta ilisema haijui, mimi nikasikia haifai

Wiki tatu nzima za mwezi wa saba nilikaa na klasta yetu (kundi la seva zinazofanya kazi kama moja) ya OpenShift, mfumo wa Red Hat wa kuendesha programu, kwenye vesheni 4.14 ya zamani, kila asubuhi naingia ofisini pale Mafiati na koti zito maana baridi ya Mbeya mwezi wa saba mnaijua wenyewe, nawasha kompyuta, naandika `oc adm upgrade`, amri ya kuonyesha apdeti zilizopo, naangalia orodha, vesheni niliyoitaka haipo, nafunga. Nikiongeza `--include-not-recommended` inatokea, ila chini yake imeandikwa Recommended: Unknown. Nikaona basi hiyo ni mbovu, nikamwambia bosi tusubiri wenyewe Red Hat wairekebishe.

Nilikosea, na naandika hapa kwa sababu najua kuna wadau wengine huku nyanda za juu wanaendesha klasta ndogo kama yetu, masta tatu (seva zinazoongoza) na nodi za kazi tatu (seva zinazobeba programu), hakuna timu kubwa ya kukimbilia, na kosa hili ni rahisi sana kulifanya.

Iko hivi. OpenShift haikupi orodha ya vesheni tu, inakupa ramani. Kila vesheni ni kituo, na kila ruhusa ya kutoka hapa kwenda pale ni mshale. Kuna huduma inayoitwa Cincinnati ndiyo inatoa hiyo ramani, na ndani ya klasta yako kuna opareta (programu msimamizi), Cluster Version Operator, inayoisoma kulingana na chaneli (mkondo wa vesheni) uliyochagua, iwe stable, fast, candidate au eus (ya msaada wa muda mrefu). Zamani ikigundulika hitilafu kwenye njia fulani mshale ulikuwa unafutwa kabisa, kwa kila mtu duniani, hata kama hitilafu yenyewe inawagusa wa klaudi moja tu na wewe seva zako ziko chumba cha pili. Kuanzia 4.10, mwaka 2022, mshale unaweza kubaki ila unawekewa sharti, na sharti lenyewe mara nyingi ni swali la PromQL ambalo opareta inaliuliza Prometheus (programu inayokusanya vipimo; PromQL ni lugha ya kuiuliza) ya hapo hapo kwenye klasta yako: je, hii klasta iko Azure, klaudi ya Microsoft? je, inatumia kitu fulani chenye tatizo? Jibu likiwa hapana, vesheni inarudi kwenye orodha ya kawaida kama vile hakuna kilichotokea. Likiwa ndiyo, inafichwa na unaandikiwa sababu.

Mtu wa Mbeya hahitaji kueleweshwa sana hili. Ukitaka kwenda Makete unaweza kuzunguka Makambako na Njombe, au ukapita Uyole kama unaenda Tukuyu, ukifika Isyonje unakata kushoto unapanda Kikondo. Sasa mwezi wa pili mvua imekaza, waulize madereva wa viazi pale Uyole kama ya Kikondo inapitika. Hawakwambii ndiyo wala hapana, wanakuuliza kwanza una gari gani. Njia ni ile ile, kinachoamua ni gari. Na hiyo Unknown niliyokuwa naiona kila asubuhi ni sawasawa na dereva kakuuliza una gari gani halafu wewe umekaa kimya. Hajakwambia usipite, anasubiri umjibu.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja wa Iringa tuliyefahamiana kwenye kazi za zamani. Nikampigia kumlalamikia, akaniacha nimalize, "Kamwene kaka, pole, sasa nisomee huo ujumbe wote, usiniruke hata neno." Nikaanza kumsomea, nilivyofika kwenye maneno kwamba imeshindwa kupima kama hatari inatuhusu, akanikatiza. "Hapo hapo. Imeshindwa kupima. Prometheus yenu iko hai kweli?"

Nikaandika `oc -n openshift-monitoring get pods`. prometheus-k8s-0 CrashLoopBackOff, yaani inaanguka na kuwashwa upya bila kukoma. prometheus-k8s-1 CrashLoopBackOff. Upande wa restati namba ni za mamia. Kwenye logi mstari mmoja unajirudia, no space left on device. Volyumu (nafasi za kuhifadhi data) za 20Gi tulizoweka siku ya kwanza zilikuwa zimejaa pomoni, na Prometheus usipoigusa inatunza data siku 15, sisi podi (vifurushi vya programu zinazoendeshwa humo) zilishaongezeka mara kadhaa tangu wakati huo na hakuna aliyerudi kuangalia.

Mtauliza kwa nini alati (ujumbe wa tahadhari) haikuja. Alati zinapigwa na Prometheus hiyo hiyo! Ikifa inakufa kimya. Ndiyo maana kuna alati inaitwa Watchdog ambayo kazi yake ni kulia muda wote, siku ukiona haisikiki ndiyo ujue kuna shida, lakini inabidi uiunganishe na kitu cha nje ya klasta kitakachogundua huo ukimya, na sisi hatukuwa tumeiunganisha na chochote. Hili liliniuma kuliko hata suala la apdeti, kwa sababu kwenye hiyo klasta kuna malipo ya vikundi vya wakulima, watu wanasubiri hela ya mazao, na sisi wiki tatu tulikuwa tunaendesha gari usiku bila taa.

Kurekebisha hakukuchukua muda. Storage class yetu inaruhusu kutanua, nikapandisha volyumu hadi 60Gi, kwenye configmap (mipangilio) ya cluster-monitoring-config nikaweka retentionSize, yaani kikomo cha ukubwa wa data, 50GB ili isijae tena, podi zikaamka. Nikaenda kunywa chai. Kurudi naandika `oc adm upgrade` ile ya kawaida, bila nyongeza yoyote, vesheni yangu ipo juu kabisa ya orodha. Hatari zilizokuwa zimening'inizwa kwenye ule mshale zilihusu majukwaa ambayo sisi hatuna hata moja.

Kilichonitisha nilivyotulia ni kwamba siku ya kumi hivi nilikaribia kulazimisha na `--allow-not-recommended`. Hiyo swichi si haramu, kuna hatari zimewekwa kwa kila mtu bila swali la PromQL, hizo lazima usome mwenyewe uamue kwa akili yako kama zinakuhusu na kama unaweza kuishi nazo. Lakini kulazimisha kwenye Unknown ni kitu kingine, hujasoma chochote, unabahatisha. Na huwezi kurudi, OpenShift haina rivasi ya kutoka vesheni mpya kwenda ya zamani inayokubalika, ndiyo maana bakapu ya etcd (hifadhi ya kumbukumbu za klasta yenyewe) napiga kabla ya kugusa kitu. Na `--force` tafadhali msiiguse kabisa, hiyo inaruka mpaka uhakiki wa saini ya vesheni.

Halafu msichanganye hili na lile geti la admin-acks. Kwa mfano kutoka 4.8 kwenda 4.9 klasta ilikuwa inakataa mpaka msimamizi athibitishe, kwa sababu Kubernetes 1.22, mfumo ulio ndani ya OpenShift, iliondoa API za zamani (njia za programu kuongea na klasta). Pale anayeulizwa ni wewe mwenyewe, Prometheus haihusiki. Angalia `oc get apirequestcounts` uone nani bado anatumia API zinazoondoka, ndipo ukubali.

Apdeti yenyewe tulifanya Jumamosi usiku, ikaenda vizuri isipokuwa nodi ya tatu iligoma kudreini (kuondoa podi zake), kumbe kuna programu ina replika (nakala) moja na PodDisruptionBudget yake inadai moja iwepo muda wote, kwa hiyo podi haiwezi kuondoka. Tukaiongezea replika ya pili, ikaachia.

Safari inayofuata ni 4.16 kwa chaneli ya eus. Masta lazima zikanyage 4.15 katikati, ila nodi za kazi tunazisimamisha kwa kupause pool yake (kundi lake) ili ziwake upya mara moja tu. Dada wa Iringa kanisisitiza nisiilaze pool ikiwa imepausiwa siku nyingi, maana mabadiliko ya vyeti vya kubelet (wakala wa klasta kwenye kila nodi) hayafiki kwenye nodi wakati huo. Nimeshapanga, Ijumaa jioni naipause, Jumapili mchana naifungua, na Watchdog sasa inalia kwenye simu yangu.