Adapta haipunguzi umeme jamani

Desemba ikikaribia ndugu zetu wa Marekani wanaanza kufunga mabegi na mimi simu zinaanza kuita, maana mie ndo fundi wa ukoo japo kazi yangu haihusiani kabisa na umeme. Swali ni lilelile, "nimenunua adapta, blenda si itafanya kazi huko?" Itafanya ndio, kwa muda mfupi na kwa mlio ambao hujawahi kuusikia, halafu moshi.

Ile adapta ndogo ya bei chee inabadilisha umbo la pini basi, hakuna kingine. Plagi ya Marekani ina pini mbili bapa nyembamba, soketi zetu Bongo nyingi ni zile za Mwingereza za matundu matatu, adapta inazikutanisha. Umeme wenyewe inaupitisha kama ulivyo. Kwao ni volti 120, kwetu 230, na usidhani volti zikikaribia mara mbili na moto utakuwa mara mbili, vitu vya joto kama pasi inakaribia mara nne, yaani pasi ya wati 1500 inataka kuvuta zaidi ya wati 5000. Binamu yangu alichomeka pasi yake ya nywele asubuhi ya sendofu ya mdogo wake, pasi ikaanza kulainika akiwa ameishika, harufu ya plastiki ikakaa chumbani mpaka jioni na bibi harusi mtarajiwa akaenda na nywele za kubana.

Dawa ni kusoma maandishi. Geuza chaja, kuna viherufi vidogo hadi unapiga picha ndo uvikuze, tafuta palipoandikwa INPUT. Ukiona 100-240V, 50/60Hz we chomeka tu na adapta yako, chaja za simu na laptopu karibu zote ziko hivyo. Ukikuta 120V peke yake hapo unataka transfoma ya kushusha umeme, na wati zake zizidi za kifaa, na ya kubeba wati 1500 ni lichuma zito la kukumalizia kilo za begi. Kuna zile konveta nyepesi za safari, nazo za kushusha umeme, zinaandikwa wati nyingi kwa kiburi, zile ni za vitu vya joto tu na kwa dakika chache, ukichomekea kitu chenye saketi ndani unakiua. Na hata transfoma haigusi Hz, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, kwao 60 kwetu 50, zile saa za umeme zinazohesabu mapigo ya umeme ukizileta huku zinachelewa dakika 10 kila saa.

Kinachonishangaza zaidi ni ekstensheni. Mtu ana chaja safi za 100-240V, halafu anazichomeka zote kwenye ekstensheni ya kutoka Marekani yenye kinga ya umeme mkubwa. Ile kinga imepimwa kwa volti 120, ikikutana na 230 inaona ndo umeme mkubwa wenyewe, inalipuka. Tumia ya huku bwana.

Ukienda kwao na jagi la umeme la huku halilipuki, ila utapata kama robo ya joto, utangoja chai mpaka hamu iishe.

Na mchezo wa kusukumia kalamu tundu la juu ili chaja ya pini mbili iingie, watu wazima wanaufanya na watoto wanaangalia! Lile tundu ni la pini ndefu ya erthi, ndo inayofungua vifuniko vya matundu mengine mawili, viliwekwa makusudi ili vidole na misumari visifike kwenye umeme.

Dubai na Muscat msihangaike, pini ni zetu hizihizi. China volti ni 220 ila pini tofauti, adapta inatosha. Afrika Kusini ndo kuna yale matatu manene ya duara, na adapta nyingi zinazojiita za dunia nzima hazina, hiyo nunua hukohuko ukifika.