Presha yangu haikuwa ya mawazo

Ukiwa na ugonjwa wa NF1, kila mtu anakutazama ngozi. Mimi nimetazamwa tangu utotoni: madoa ya rangi ya kahawa yenye maziwa, vijidoa vidogo kwapani, halafu vivimbe laini vilivyoanza kujitokeza nilipobalehe na kuzidi mwaka hadi mwaka. Kumbe kilichokaribia kuniua hakikuwa kwenye ngozi hata kidogo. Kilikuwa juu ya figo ya kushoto, na kila nilipoeleza dalili zake niliambiwa nipunguze mawazo. Jibu hilo linaniudhi mpaka leo, ndiyo maana naandika.

Kwa asiyeifahamu, NF1 ni nyurofibromatosisi aina ya kwanza. Chanzo chake ni hitilafu kwenye jeni moja iliyo katika kromosomu ya 17. Jeni hiyo ndiyo inayotengeneza nyurofibromini, protini ambayo ni breki ya ukuaji wa seli. Breki ikilegea, vivimbe vinaota kwenye neva. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 3,000, na karibu nusu yetu hatukurithi kwa baba wala mama, hitilafu imeanzia kwetu. Na haiambukizi. Nimeshaona watu wengi wakihama kiti nikikaa karibu nao, kwa hiyo hilo nitalisema popote nitakapopewa nafasi.

Sasa presha. Ilikuwa inakuja kwa vipindi. Kichwa kinagonga, jasho linanitoka hata nikiwa nimekaa kimya, moyo unakwenda mbio, uso unapauka. Mara nyingi kipindi kilianza nikiinama kufunga kamba za viatu. Baada ya muda mfupi kila kitu kinatulia, nabaki nimechoka tu. Nikifika kliniki napimwa, presha ya kawaida. Nimefundishwa kupumua taratibu, nimepewa dawa za kulala, nimeambiwa niache chumvi. Nilifuata yote, na vipindi vikaendelea.

Aliyeniokoa ni daktari wa usingizi. Nilikuwa nimekwenda kutolewa kivimbe cha mgongoni kilichokuwa kinasuguliwa na nguo. Kabla ya kunilaza akanipima, akakuta presha iko juu, akaniuliza: unaumwa kichwa? Unatokwa na jasho? Moyo unakwenda mbio? Nikasema ndiyo kwa yote. Akakataa kunitia usingizi. Alinieleza kwamba mwenye NF1 na presha ya namna hiyo lazima apimwe kwanza feokromositoma, uvimbe wa tezi iliyo juu ya figo unaomwaga adrenalini kwenye damu, kwa sababu mgonjwa akipewa nusukaputi bila kujulikana kuwa anao, presha inaweza kupaa na kumuua mezani. Ndugu zangu walikasirika kwamba upasuaji umeahirishwa. Mimi nilimshika mkono nikamshukuru.

Daktari wa kliniki bado hakuamini, kwa sababu pale mbele yake vipimo vilitoka vizuri. Hapo ndipo nilipobuni mbinu ninayojivunia. Nilinunua mashine ya kupimia presha ya kufunga mkononi, nikawa nalala nayo na kutembea nayo kwenye mkoba. Kipindi kikianza, nafunga mkanda, naegesha simu, nawasha video, nabonyeza. Nilirekodi mashine ikionyesha 214 kwa 122. Sikuzima. Niliendelea kupima huku simu inarekodi, namba zikashuka polepole hadi 130 na kitu, saa ya ukutani ikionekana nyuma. Nilimwekea daktari video hiyo mezani. Aliitazama mara ya pili bila kusema neno, kisha akaandika kipimo cha metanefrini, yaani mabaki ya adrenalini, kwenye mkojo wa saa 24.

Kipimo chenyewe kilitaka kunishinda. Aliyenipa dumu alisema tu "anza asubuhi." Nikakusanya, maabara wakakataa: ule mkojo wa kwanza wa kuamkia ulitakiwa kumwagwa, saa inaandikwa, kisha unakusanya wote hadi ule wa kuamkia wa kesho yake. Hakuna aliyekuwa amenieleza. Safari iliyofuata nilibandika karatasi kwenye mlango wa choo na kuvaa mpira wa kufungia kwenye kifundo cha mkono ili hata usiku wa manane nikumbuke. Na kama dumu lina asidi ndani, kojoa kwenye chombo kingine ndipo umimine. Mtajie daktari dawa zote unazomeza, hata za maumivu, maana baadhi huvuruga majibu.

Majibu yalikuja juu mno. Skani ikaonyesha uvimbe.

Kabla ya upasuaji nilimeza doksazosini kwa wiki kadhaa ili mishipa ya damu ilegee, na safari hii nikaambiwa ninywe maji mengi na nirudishe chumvi, kinyume kabisa na ushauri wa zamani. Ukiwa na uvimbe huu usikubali kuanzishiwa dawa za kupunguza mapigo ya moyo kabla ya hizo za kulegeza mishipa. Mpangilio ukigeuzwa, presha inaweza kupanda zaidi. Uvimbe ulitolewa kwa matundu madogo. Gharama sitazitaja kwa hesabu, zilikuwa nzito na ukoo ulichanga. Vipindi vile sijavipata tena. Nainama kufunga viatu nitakavyo.

Metanefrini napima kila mwaka, kwa kuwa uvimbe unaweza kujirudia au kuota upande wa pili. Macho na mgongo pia vinaangaliwa. Nina uvimbe mwingine pajani, ule mkubwa unaotambaa kando ya neva, ambao haukatwi kirahisi. Zamani wenye uvimbe wa aina hiyo usiokatika hawakuwa na dawa. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha selumetinibu kwa watoto, na 2025 mirdametinibu kwa watoto na watu wazima. Wangu kwa sasa hausumbui. Nauzungushia utepe wa fundi nguo, pale pale kwenye kidoa nilichokiteua kuwa alama, naandika. Ukikua haraka, ukawa mgumu, au ukaanza kuuma hadi kunikatiza usingizi, siku hiyohiyo niko hospitali, kwa sababu hizo ndizo dalili za kugeuka saratani.